Kuku Waliosahau Kulalia

Jogoo niliyempelekea mama yangu alikuwa na sura nzuri kuliko yangu, na alipokelewa vizuri zaidi. Nilimtoa kwenye tenga pale uani kwetu, Ikungi, akajikung'uta manyoya, akatembea hatua chache kama mgeni rasmi anayekagua gwaride, kisha akawika. Mama alimshika kwa mikono miwili, akampima, akasema uzito huo ni wa mbuzi mchanga. Nikajisikia mtoto mwenye faida, jambo ambalo kwa umri wangu halinitokei mara nyingi.

Sikuwa mtu wa kubahatisha. Nilisoma biolojia chuo kikuu, na nilifundisha somo hilo sekondari kwa miaka mingi kabla sijaweka chaki chini na kuanza kuandika makala zinazosomwa na watu walewale sita, watatu kati yao wakisoma ili wanisahihishe. Mada ya urithi ilikuwa yangu. Nilichora vile viboksi vinne ubaoni, herufi kubwa na herufi ndogo, nikawaeleza watoto wa wafugaji habari za njegere, mmea ambao wengi wao waliwahi kuuona kwenye pilau la harusi tu.

Maswali yao yalikuwa yaleyale kila mwaka. Kwa nini mapacha wengine hawafanani? Kwa nini ndama ana baka jeupe wakati mama yake hana, na dume la jirani hana? Mimi ni mrefu, baba na mama wafupi, urefu huu nimeutoa wapi? Nilijibu yote kwa sauti ya mtu aliyekuwepo wakati wa uumbaji. Mwaka mmoja nikawaambia kwamba uwezo wa kukunja ulimi pande mbili unarithiwa kutoka kwa wazazi, kama kitabu kilivyosema. Wakaenda nyumbani kuwachungulia wazazi wao midomo. Baada ya siku mbili akaja baba mmoja na baiskeli, shati limelowa jasho mgongoni, akauliza mlangoni pa ofisi ya walimu, "Wewe ndiye mwalimu wa ndimi?"

Mwanawe alikuwa anakunja ulimi. Yeye hakunji, mke wake hakunji. Alitaka nimwambie mtoto ni wa nani. Nikatafuta kitabu kingine, kipya zaidi, nikakuta kimeandika kwamba suala la ulimi si jepesi hivyo, kwamba watoto wengi hukunja na wazazi wao hawakunji. Nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akapanda baiskeli. Sijui alifika nyumbani akasema nini. Ningekuwa mtu wa kujifunza, ningejifunza siku hiyo.

Sasa kuku. Kuku wa mama walikuwa wadogo, wa rangi ya majivu, na kila mmoja alikuwa na kishungi kichwani, kile kitita cha manyoya kinachosimama kama kofia iliyovaliwa kwa haraka. Alikuja nao kutoka Kilimatinde alipoolewa. Au tuseme alikuja na mmoja, tetea aliyepewa na mama yake, amefungwa miguu kwa kamba ya katani na kutiwa kwenye kikapu. Mama ni Mgogo. Aliingia kwa Wanyaturu bila kujua neno lao hata moja, na hadi leo husema kwamba mwaka ule wa kwanza kuku huyo ndiye pekee pale nyumbani aliyemwelewa.

Kazi moja ambayo kuku hawa waliijua kuliko kuku wote wa kijiji ilikuwa kuatamia, au kama tunavyosema kwetu, kulalia. Majirani walileta mayai ya kuku wao, ya bata, ya kanga wa porini waliyookota shambani, wakaomba mama awawekee. Nakumbuka mwaka ambao kona ya paa la jiko iliporomoka wakati wa mvua. Maji yalimwagikia mgongoni koo mmoja, kuku mzazi aliyekuwa amelalia, na hakuinuka. Mama alimfunika kwa ungo. Siku zilipotimia alitotoa mayai yote isipokuwa mawili, akatoka nje amekonda, manyoya ya kifuani yamekwisha, akamkoromea kwa hasira kila aliyemsogelea, na mimi nikiwemo, niliyekuwa nimempelekea pumba.

Katika nyumba yetu kulikuwa na desturi moja isiyo na hotuba. Kila binti wa ukoo akizaa mtoto wa kwanza, mama humpelekea tetea mmoja wa kishungi, na kuku huyo lazima awe amefika na amelalia kabla mtoto hajaanza kutembea. Sababu sikuwahi kuipata vizuri. Mama alisema tu kwamba mwanamke mwenye mtoto mchanga anafaa awe na mwenzake uani anayefanya kazi hiyohiyo bila kulalamika. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Iguguno, alipelekewa wake. Binti zake walipelekewa. Aliyebaki alikuwa binti yangu, mtoto wangu wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi kule Shelui.

Mimi niliwaona kuku hao kwa jicho la mtu aliyesoma, nikaona wadogo. Mayai yao yalinitia aibu mbele ya wageni. Ndipo nikaenda kwenye shamba moja nje ya mji wa Singida nikachagua jogoo mwekundu, mrefu, mwenye kifua kama cha mbeba mizigo. Mwenye shamba alinizungusha kwenye mabanda akanionyesha na mashine zake. Alisema pale hakuna kuku anayepoteza muda kulalia, kazi hiyo inafanywa na umeme. Nilisikia sentensi hiyo nikaona ni maendeleo. Sikujiuliza kuku ambao mama zao na bibi zao walitotolewa na umeme wamebaki na nini ndani yao, na wamepoteza nini.

Vifaranga wa mwaka wa kwanza walikuwa wakubwa ajabu, na wote, karibu wote, walikuwa na kishungi. Kishungi ndicho kilichonidanganya. Ni tabia yenye nguvu. Mzazi mmoja akiwa nacho, watoto wengi hukipata. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, alikuwa akiwapapasa vichwani mmoja mmoja anapowafungia jioni, anakuta kishungi, anaridhika. Na mimi nilikiona kishungi nikasema ukoo uko palepale, ila sasa umeshiba. Nikarudi shambani nikachukua jogoo wengine watatu, ndugu za yule wa kwanza, nikawagawa kwa ndugu zetu. Wa kwanza alikwenda Iguguno kwa dada. Wawili walikwenda kwa binti zake, kila mmoja kwake. Hakuna aliyeniomba.

Mwaka wa tatu mama akanipigia simu. Hakulalamika, alitoa taarifa tu, kwamba kuku wanataga kama wamepewa mkataba, lakini hakuna anayekaa. Tetea anataga yai lake, anapiga kelele kijiji kizima kijue, kisha anaondoka kwenda kupekua takataka. Nikamwambia asubiri, bado wachanga. Akasubiri. Akawaachia mayai yajae kiotani ili wayaone. Akawafunika kwa tenga siku nzima, wakakaa humo wamesimama. Mayai yakawa viza, akayazika nyuma ya choo.

Wakati huohuo binti yangu akatuarifu kwamba ana mimba ya miezi mitano.

Nilipofika Ikungi wiki ile, mama alikuwa ameshafanya hesabu zake. Kati ya kuku wa zamani, wa kabla ya jogoo wangu, alibaki mmoja tu, koo mzee mwenye kucha zilizojikunja, ambaye bado alikuwa akilalia. Wengine waliuzwa mnadani au waliliwa, kwa sababu wale wapya walikuwa wakubwa na kila mtu alitaka nafasi iwe yao. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, mahali ambapo upepo wetu wa kiangazi haumfikii sana, na koo yule alikuwa miguuni pake.

Akaniuliza kama mtu anayemuuliza fundi. Kulalia kunatoka kwa mama au kwa baba?

Nikaomba ungo. Nikachukua punje za mahindi na za kunde, ili aweze kuzitambua kwa vidole. Nikamwambia mahindi ni kulalia, kunde ni kutolalia. Kila kifaranga anapewa punje kutoka kwa mama na punje kutoka kwa baba. Nikamwambia pia ukweli, kwamba si punje moja moja, ni nyingi, na hakuna anayejua zote. Nilimpangia makundi juu ya ungo, akayapitisha vidole. Alielewa haraka kuliko kidato cha nne chochote nilichowahi kufundisha, na nilifundisha vingi.

"Ngoja," akasema. "Jogoo halalii. Huyo punje yake anaitoa wapi?"

"Kwa mama yake. Anaibeba tu, Mama. Yeye mwenyewe huwezi kuiona, inaonekana kwa binti zake."

Vidole vyake vikabaki kwenye kunde.

"Ulipomchagua jogoo wako ulimwangalia nini?"

"Miguu, Mama. Na kifua."

Akacheka kidogo puani. "Hata mimi baba yako nilimwangalia miguu," akasema. "Lakini wazazi wangu waliulizia kwanza habari za mama yake."

Nilisoma miaka mitatu chuo kikuu na hakuna mhadhiri aliyeniambia hivyo kwa ufupi namna hiyo. Kwetu, mtu akitaka kuoa, wazee hutumwa kwenda kuuliza ukoo wa upande wa pili, bibi alikuwaje, kuna ugonjwa gani, kuna ugomvi gani. Mimi mwenyewe niliulizwa hivyo. Kwa jogoo nilitosheka na kifua.

Mpango ulikuwa mmoja na ulikuwa rahisi kuueleza. Tulihitaji jogoo wa ukoo wa zamani, asiye na damu ya jogoo wangu, ampande koo mzee kabla hajaacha kutaga. Nilimchinja jogoo wangu mwekundu kesho yake mchana, wanawe majogoo wakiwa wameshauzwa mnadani wote, na nikamla kwa shida. Nilimweleza mama kwamba hata baada ya jogoo kuondoka, mbegu zake huishi ndani ya kuku wiki mbili au tatu, kwa hiyo mayai ya karibuni hayafai. Akaniambia hilo analijua. Nikauliza alilijuaje. Akaniuliza kama nadhani kuku waliletwa Tanzania na chuo kikuu.

Nikaenda Iguguno. Nilikuwa na matumaini, na nasema hivyo ili msomaji anionee huruma. Dada yangu alikuwa na kuku wa kishungi kwa miaka zaidi ya ishirini. Haikuwezekana asiwe na jogoo mmoja mzee amejificha. Nilimkuta anaanika alizeti juu ya turubai mbele ya nyumba. Tukasalimiana, akaniuliza habari za mama, za mjini, za makala zangu, ambazo hajawahi kusoma hata moja na huniuliza kwa heshima kama mtu anavyouliza habari za ugonjwa. Nikamweleza shida. Akaacha reki.

Akasema jogoo wa zamani alikuwepo, mzuri, wa majivu, kishungi kimeangukia macho.

"Yuko wapi, dada?"

"Mdogo wangu," akasema, "yule ulimla."

Nikamwangalia.

"Siku uliyoleta huyu wako. Uani hawakai jogoo wawili, wangeuana. Na wewe ulikuwa mgeni, umeleta zawadi. Ningekupikia nini, dagaa?" Akashika tena reki. "Firigisi nilikuwekea wewe. Uliisifia."

Niliisifia. Nilikumbuka vizuri. Kwetu firigisi ni ya mgeni wa heshima, huwekwa juu ya nyama zote ili aione akifunua bakuli, na mimi niliiona, nikaila polepole, nikasema kuku wa kienyeji ana ladha ambayo hawa wa kisasa hawana. Nilisema maneno hayo huku yule wa kisasa akiwika nje.

Sikuhitaji kwenda kwa binti zake wawili, ila nilikwenda, kwa sababu mtu aliyekata tamaa bado ana miguu. Kote nilikuta jambo lilelile. Nilileta jogoo, wakamchinja wa zamani kwa heshima yangu, wakaniwekea firigisi. Mmoja wao alikuwa bado anakumbuka kwamba niliomba mchuzi uongezwe. Kuku wale walivumilia ugonjwa wa mdondo, vicheche, mwewe na njaa za miaka yote hiyo tangu mama aolewe, na mimi nikawamaliza nyumba hadi nyumba, nikiwa nimenawa mikono na kusali kabla ya kula.

Nyumba pekee ambayo sikupeleka jogoo ilikuwa ya mama mdogo, mdogo wake mama, aliyebaki Kilimatinde. Hakumtaka. Nilipompigia simu wakati ule kumweleza sifa za jogoo wangu, alisema kuku wake wanamtosha na kwamba sura ya kuku haiendi shule. Basi nikapanda basi hadi Manyoni, nikachukua bodaboda kupanda kule mlimani, nikamkuta uani kwake, mgongo umepinda, sauti haijapinda hata kidogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Msomi wetu amekuja kutafuta kuku," akasema, ingawa hapakuwa na mtu mwingine wa kumsikia. "Chuo kikuu wameisha?"

Mdondo ulikuwa umempitia kiangazi kilichopita. Kuku wake wa zamani walikufa ndani ya wiki moja, shingo zimepinda. Lakini uani palikuwa na jogoo mmoja, wa majivu, mwenye kishungi, na nilishaanza kumshukuru Mungu kabla sijaona kwamba miguu yake ilikuwa mirefu kupita kiasi. Nikauliza ametoka wapi. Akasema baada ya mdondo dada yake, yaani mama yangu, alimtumia mayai kumi ndani ya kopo la pumba, kwa mkono wa mtu aliyekuja misheni, naye akayawekesha kwa kuku wa jirani. Alikuwa ameyasifia sana, alisema siku hizi kuku wa Ikungi ni wakubwa.

Alikuwa mtoto wa jogoo wangu. Mama yake alikuwa mmoja wa kuku wa zamani. Nusu kwa nusu.

Nilikaa kwenye jiwe nikafikiri kwa viboksi vyangu. Nusu si sifuri. Akimpanda koo mzee, baadhi ya watoto wanaweza kupata punje za kutosha kutoka pande zote mbili. Baadhi. Nilimwomba, naye akanipa bila masharti, ila alinitazama vile mtu anavyomtazama mtoto aliyevunja chungu na sasa anaokota vipande. Mchana huo alinipikia ugali wa mtama na mlenda. Akasema samahani, leo hakuna cha kuchinja. Nilikula mlenda ule kwa raha ambayo sikuwa nayo mbele ya firigisi yoyote.

Koo mzee alitaga mayai tisa baada ya jogoo yule kufika, kisha akakaa. Mama alimwekea kiota kwenye kona ileile ya jiko. Nilikuwa nikipiga simu kila asubuhi, na taarifa ilikuwa moja, amekaa. Walitotolewa sita. Mwewe alichukua mmoja, mwingine alikufa kwa baridi, wa tatu sijui. Wakabaki watatu, jogoo mmoja na tetea wawili, wote wa majivu, wote na kishungi. Koo mzee aliwalea hadi wakaanza kulala juu ya kijiti, kisha siku moja mama akamkuta kwenye kiota kisicho na mayai, amekaa vizuri, amekufa.

Binti yangu alikuwa ameshajifungua, mtoto wa kike. Alinitumia picha, nikampelekea mama, ambaye haoni picha, akataka nimweleze. Nikamwambia mtoto ana paji la uso la marehemu baba. Akauliza na mikono? Nikamwambia mikono bado haionekani vizuri. Binti yangu aliniandikia kwamba anaomba Mungu mtoto asipate pua yangu. Nikamjibu kwamba kitaalamu ameshachelewa.

Tetea hao wawili walipokaribia kutaga, mama akagawa. Mmoja abaki Ikungi, mwingine nimpeleke Shelui. Alimfunga mwenyewe miguu kwa kamba, akamtia kwenye kikapu, si tenga. Hakuniambia kwa nini kikapu, na sikuuliza.

Yule wa Ikungi alitaga mayai kumi na mawili, akayaacha. Akataga tena, akayaacha. Mama hakumfunika kwa tenga wala hakuzika mayai nyuma ya choo. Aliniambia tu kwamba huyu amemfuata baba yake. Toka siku hiyo maswali yake yote yalihusu Shelui. Alipiga kila Jumapili baada ya ibada, na kabla ya salamu kuisha alikuwa ameshauliza, "Amekaa?"

Nilikwenda Shelui nikiwa na siku ambazo sikuwa na pa kuzipeleka. Binti yangu anaishi kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya barabara kuu, ambapo malori yanayopumzika hunguruma mchana kutwa na vumbi lake huingia hadi kwenye chumvi. Kuku alikuwa kwenye boksi la sabuni lililotandikwa majani makavu, chini ya dirisha. Binti alinionyesha. Mayai kumi na manne. Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kutaga. Alifuata maagizo yote ya bibi yake, hakuokota hata moja, alimwekea maji karibu, alifunga dirisha. Kuku anaingia, anataga, anayakanyaga mengine akitoka.

Mtoto alikuwa amesimama, ameshika kigoda kwa mikono miwili. Aliachia mkono mmoja, akayumba, akashika tena.

Simu ya mama iliita karibu saa tano. Nilikuwa nimejiandaa kusema bado. Ni neno zuri, bado, halidanganyi na halikatishi tamaa, nililitumia kwa wanafunzi kwa miaka mingi.

"Amekaa?" akauliza.

"Amekaa, Mama."

Sikujua nitasema hivyo mpaka niliposikia limeshatoka. Binti yangu aliinua kichwa. Mama alivuta pumzi ndefu kule Ikungi, nikaisikia.

"Lini?"

"Ameshatotoa. Wako saba."

"Niwekee simu karibu niwasikie."

Nilisimama nikiwa nimeshika simu. Upande wa pili wa uzio wa mabanzi, jirani, mke wa fundi wa matairi, alikuwa na kuku mwenye vifaranga, mwekundu wa kawaida, hana kishungi wala ukoo unaojulikana. Nikaenda hadi kwenye uzio, nikapitisha mkono katikati ya mbao, nikaishusha simu karibu na ardhi. Kuku yule alikuwa anapekua makapi ya alizeti. Alipata kitu akawaita wanawe kwa ile sauti ya chini, ya harakaharaka, nao wakaja mbio wanalia. Alirudia mara tatu, nne. Lori likawasha injini barabarani, nikaikinga simu kwa kiganja ili asilisikie.

Nikairudisha sikioni.

"Umewasikia?"

"Nimewasikia," akasema. "Wanalia vizuri. Mwambie mwenye nao asiwaache juani."

Hakusema mwambie mjukuu wangu. Alisema mwenye nao. Kisha akauliza mtoto anatembea? Nikamwambia anasimama. Akasema haya, baba, msalimie mama yake, akakata simu. Tangu siku hiyo hajauliza tena habari za kuku, si Jumapili wala siku nyingine.

Binti yangu alikuwa amembeba mtoto kiunoni, ananitazama jinsi nilivyokuwa nikitazamwa kule Kilimatinde.

"Baba, umemdanganya bibi."

"Ndiyo."

"Amejua."

"Najua kwamba amejua."

Alimweka mtoto chini karibu na kigoda, akaenda kuchambua mboga. Chini ya dirisha yule tetea wa majivu aliingia kwenye boksi, akajizungusha, akakaa dakika chache tumekodoa macho wote watatu, kisha akasimama, akapiga kelele yake, akatoka kwenda kupekua barabarani, kishungi kinacheza kila akipiga hatua. Niliinama nikalichukua yai. Lilikuwa bado na unyevu, na moto. Nikalishika kwa mikono miwili, nikakaa nalo pale kwenye kizingiti mpaka likapoa.